Kazi ya Kualika

Katika makao ya wazee ya Marekani, shughuli kubwa ya kwanza ya siku kwa kawaida huwekwa saa nne asubuhi. Mtu akichungulia ukumbini saa hiyo ataona wazee kama ishirini wameketi nusu duara, wengi wao kwenye viti vya magurudumu, puto la rangi likirushwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, muziki ukipigwa kwa sauti ya chini, na mbele yao mwanamke mmoja akiwataja kwa majina. Ataona mchezo, atatabasamu, atapita. Sisi tuliofanya kazi ya kuwasaidia wauguzi humo, na Wakenya ni wengi katika kazi hiyo katika miji kama Lowell, Massachusetts, tunajua kwamba puto lile ndilo jambo dogo kuliko yote. Kazi ilianza saa moja na nusu, na sehemu yake ngumu ilikuwa kuwafikisha wazee wale ishirini pale bila kumburuta hata mmoja.

Mwanamke huyo cheo chake ni mkurugenzi wa shughuli. Sheria inataka kila nyumba ya uuguzi inayolipwa na Medicare au Medicaid, ile mipango miwili ya bima ya serikali, iwe na mtu wa namna hiyo. Nyumba hizo ni kama 15,000 nchi nzima, na wakazi wake wanazidi milioni moja. Wakurugenzi wengi wana msaidizi mmoja au wawili, na wengine hawana yeyote. Wauguzi wana dawa na vidonda vyao, wapishi wana sufuria zao, sisi tulikuwa na kuogesha, kuvisha, kulisha na kugeuza. Saa zote zinazobaki ni zake, na katika nyumba yenye wakazi tisini saa zinazobaki ni nyingi mno.

Niliyemtazama kwa muda mrefu kuliko wengine alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Lowell, aliyekuwa mpishi wa shule kabla ya kuingia kazi hii. Alianza kama msaidizi, akasoma kozi iliyoidhinishwa na jimbo, akapanda. Kanuni zinakubali njia kadhaa: mtaalamu aliyesomea burudani ya tiba, mtaalamu wa kuwarudisha wagonjwa kwenye kazi za mikono yao, mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, au aliyemaliza kozi ya jimbo kama yeye. Yote hayo yanaeleza nani anaruhusiwa kushika kalenda. Hayaelezi jinsi mtu anavyojifunza kupiga hodi kwenye mlango wa mzee aliyenuna.

Asubuhi alipitia kwanza kwenye meza ya wauguzi kusikia habari za usiku. Nani ameanguka, nani amechukuliwa na gari la wagonjwa, nani hakulala, kitanda gani kimepata mgeni, nani amefariki. Sisi tulizisikiliza habari hizo ili tujue wapi pa kuanzia kuogesha. Yeye alikuwa akipanga upya siku aliyokwisha kuipanga. Aliyekuwa aoke keki saa nane yuko hospitali. Mwenzake wa chumba, ambaye hukubali kutoka kitandani kwa sababu tu mwenzake anatoka, leo hatatoka. Basi lazima apatikane mtu mwingine wa kumpitia, na huyo mtu awe anajua lugha ya bibi huyo, na asiwe yule waliyekosana naye wiki iliyopita juu ya dirisha. Hayo yote aliyamaliza akiwa amesimama, kalamu mkononi, kabla ya kikao cha wakuu wa idara.

Halafu aligawa karatasi ya siku, chumba kwa chumba. Ilikuwa na tarehe, hali ya hewa, chakula cha mchana, shughuli za leo na kisa kifupi cha kilichotokea tarehe kama hiyo zamani, yote kwa herufi kubwa. Ilinichukua muda kutambua kwamba karatasi ilikuwa ni sababu yake ya kuingia. Alipoinama kuiweka mezani macho yake yalikuwa yanafanya kazi nyingine: miwani ina ukungu, meno bandia bado yako kwenye kikombe, kifaa cha kusikia kimezimika. Kuna mzee mmoja ambaye kwenye daftari aliandikwa kwa siku nyingi kuwa hapendi kujumuika. Mkurugenzi alibadilisha betri ya kifaa chake, akasogeza kiti akamsomea kichwa cha habari kuhusu besiboli, na saa nne mzee yule alikuwa ameketi ukumbini safu ya mbele, akibishana.

Kuwaleta watu ni kazi ya misuli. Korido ni ndefu, lifti ni moja, na saa tatu hadi saa nne ndiyo saa ambayo sisi tulikuwa tumezama bafuni. Alisukuma mwenyewe. Mkono wa kulia kiti kimoja, na wa kushoto akimshika mwenye fimbo, mwendo ule wa polepole ambao mtu mwenye afya huona unamchosha kuliko kukimbia. Na kila aliyefika alikuwa na mahali pake. Wenye masikio mazito mbele, upande wa sikio lililo zima. Mwenye mtungi wa oksijeni mbali na njia ya kupita. Anayeomba choo mara kwa mara karibu na mlango, ili asijionee haya kuvuka ukumbi mzima. Anayetembeatembea na kutafuta njia ya kutoka awe mbali na mlango huohuo. Aliyepooza upande wa kushoto asiwekwe mahali ambapo vitu vitamjia kutoka kushoto. Wawili wanaochukiana wasitazamane. Na yeye mwenyewe hakusimama kamwe huku dirisha likiwa nyuma yake, kwa sababu jicho la mzee likipigwa na mwanga wa dirisha haliuoni uso wa anayesema, na mwenye sikio zito husoma midomo. Mambo haya sikuyaona kwenye karatasi yoyote. Yalikuwa kichwani mwake, na yalibadilika kila wiki.

Sasa nije kwenye kualika, ambako naona ndiko kuliko ufundi wote wa kazi hii. Ukimwuliza mtu wa miaka 90 kama angependa kwenda kwenye shughuli, atakuambia hapana. Ana haki. Kuinuka kunauma. Anaogopa choo. Anaogopa zaidi kuonyeshwa mbele ya watu jambo asiloliweza tena. Na neno shughuli halimwambii chochote. Ni kama kuambiwa njoo kwenye kitu. Kwa hiyo mkurugenzi huyu hakuuliza hivyo. Alikwenda kuomba msaada. Lowell ulikuwa mji wa viwanda vya nguo tangu karne ya 19, na baadhi ya mabibi wale walisimama kwenye mashine za kusokota nyuzi wakiwa wasichana. Alimwendea mmoja wao na furushi la vitambaa vilivyotolewa na wahisani, akamwambia hajui vipi ni pamba tupu na vipi vimechanganywa, na anahitaji mtu wa kumtengea kabla ya watoto wa shule kuja kushona mito. Bibi akavuta kitambaa kati ya vidole viwili, akakisugua, akasema jina la ufumaji wake. Alikuwa hajatoka chumbani tangu afike. Alitoka kwa ajili ya pamba.

Mwalimu mstaafu aliombwa asome namba za bingo. Mzee aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi aliletewa kopo la skrubu zilizochanganyikana. Maombi hayo yalikuwa ya kweli. Vitambaa vilitengwa na vikashonwa, na skrubu zilikwenda kwa fundi wa jengo ambaye alizihitaji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mahali pengine wazee wakipewa taulo wakunje, na nyuma ya pazia mtu anazikunjua awaletee tena. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau hufika siku akajua anachezewa. Kwetu vilivyokunjwa ni vile vitambaa vya kufunga kifuani wakati wa kula. Mikono ikaoshwa kwanza, vikakunjwa, na jioni hiyo sisi wenyewe tukavitoa kwenye rafu na kuwafunga wenyewe waliovikunja.

Siku moja alituuliza sisi Wakenya nyanya zetu hufanya nini wakiwa wamekaa. Tukamwambia huchambua maharagwe, hupukuchua mahindi, huku wakiongea na wajukuu. Hakuna kwetu aliyewahi kuliita hilo tiba. Aliandika kwenye kijitabu chake, na kabla ya kununua maharagwe alikwenda kwa muuguzi kuuliza ni nani kati ya wakazi hutia vitu mdomoni. Walikuwa watatu. Hao aliwatafutia kazi nyingine meza ileile, ya kupanga vijiko vikubwa, ili wasikose kuwapo. Nilipenda swali lake kwetu, na nilipenda zaidi lile alilomwuliza muuguzi.

Akikataliwa, aliondoka. Mkazi ana haki ya kukataa, na yeye hakuwa mtu wa kubembeleza hadi mtu akubali kwa kuchoka. Lakini alirudi. Asubuhi ikiwa hapana, alirudi alasiri na jambo lingine, au bila jambo, akakaa dakika mbili. Majina nayo aliyachunga. Sisi tuliolelewa kumwita mtu wa umri ule nyanya au babu tulipata taabu kumwita kwa jina lake la kwanza, na Wamarekani wenzetu waliwaita wazee kwa majina ya mahaba kama watoto. Yeye aliuliza siku ya kwanza kila mmoja anataka aitwe nani, akaandika, na daktari mstaafu mmoja aliitwa Daktari hadi siku yake ya mwisho.

Siku hiyo ya kwanza, au katika siku kumi na nne za mwanzo, kuna mahojiano ambayo serikali inayataka. Fomu ya tathmini ya kila mkazi, iitwayo MDS, ina Sehemu F inayohusu mapendeleo, na tangu toleo la Oktoba 2010 mkazi mwenyewe ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza. Kuhusu shughuli maswali ni manane. Kuna umuhimu gani kwako kuwa na vitabu na magazeti ya kusoma, kusikiliza muziki unaoupenda, kuwa karibu na wanyama, kufuata habari, kufanya mambo pamoja na watu, kufanya yale uyapendayo zaidi, kutoka nje kupata hewa hali ya hewa ikiwa nzuri, kushiriki ibada. Majibu yamepangwa kutoka muhimu sana hadi si muhimu kabisa, kisha kuna jibu la tano: ni muhimu, lakini siwezi, au sina nafasi ya kuchagua.

Mtu mwenye haraka anaweza kumaliza maswali hayo kwa dakika tano. Mkurugenzi huyu alitumia hata nusu saa, na jibu la tano ndilo lililomsimamisha kalamu. Mzee mmoja alilitoa kuhusu kutoka nje. Alikuwa mtu wa kuinuliwa kitandani kwa winchi, na winchi inahitaji watu wawili, na ratiba yetu ilikuwa kumwinua asubuhi na kumrudisha kitandani mara baada ya chakula cha mchana. Jua liliingia uani alasiri. Hivyo kila siku mzee yule alilazwa jua lilipokuwa linafika. Hakuna aliyekuwa amefanya kosa. Kila idara ilifuata saa zake. Mkurugenzi alizungumza na muuguzi mkuu, akazungumza na sisi, akakubali yeye kumkalisha na kumlinda saa za zamu kubadilishana, na mzee akaanza kuinuliwa baada ya chakula. Kwenye kalenda ya mwezi hakikuongezeka kitu. Mtu mmoja alianza kukaa juani.

Sheria iliyoleta haya yote ilitiwa saini Desemba 1987, mwaka mmoja baada ya ripoti nzito ya Taasisi ya Tiba ya Marekani kueleza hali mbaya ya nyumba za uuguzi. Iliagiza kwamba mkazi asaidiwe kufikia kiwango cha juu anachokiweza kimwili, kiakili na katika maisha yake na watu, na shughuli zikawekwa ndani ya agizo hilo pamoja na dawa na chakula. Kabla yake, mwaka 1963, daktari Robert Butler alikuwa ameandika kwamba wazee kurudiarudia habari za maisha yao si dalili ya akili kuharibika bali ni kazi ya lazima ya uzee. Leo jambo hilo linaonekana wazi. Wakati ule wauguzi walifundishwa kuwakatiza.

Lakini sheria ikiagiza, mtu lazima aandike. Nyumba ya wakazi tisini, kila mmoja akipitiwa upya kila miezi mitatu, ni taarifa kama thelathini kwa mwezi. Ongeza wale wanaokuja kwa wiki chache tu kupona nyonga iliyovunjika, ambao nao lazima wahojiwe na mara wanaondoka. Ongeza orodha ya waliohudhuria, kila shughuli, kila siku. Mikutano na familia. Na ziara za wasiotoka vitandani. Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, na haipiti miezi kumi na mitano kabla hawajarudi. Husimama ukumbini na kalenda mkononi kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachofanyika, Jumamosi ikiwamo. Aliandika akiwa amesimama kwenye kaunta, aliandika wakati wa chakula chake cha mchana, na nilimwona akiandika kwenye gari lake kabla ya kuwasha injini. Mshahara wa kazi hii haulingani na mzigo huo, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Hata katika maandishi kulikuwa na ufundi. Mpango wa matunzo unataka lengo linalohesabika, na njia rahisi ni kuandika kwamba mkazi atahudhuria shughuli mbili kwa wiki. Mtu anaweza kuhudhuria akiwa amelala usingizi kwenye kiti. Yeye aliandika kwamba mkazi atachagua wimbo mmoja kila kikao, au atamfundisha msaidizi hatua moja ya kutengeneza mkate wa kwao. Namba bado ilikuwapo kwa ajili ya mkaguzi. Alichokihesabu ni uchaguzi wa mtu, si mwili wake kuwapo ukumbini.

Saa kumi jioni ndiyo saa ngumu katika upande wa waliopoteza kumbukumbu. Mwanga unageuka, zamu zinabadilishana, watu wanavaa makoti kwenda nyumbani, na wazee wanaoona makoti nao wanataka kwenda kwao. Mmoja anawatafuta watoto wanaotoka shule, watoto ambao sasa wana wajukuu. Hapo mkurugenzi aliacha kila kitu kingine akawa huko. Hakuuliza unakumbuka. Swali hilo alilikataza kabisa kwa wasaidizi wake, kwa sababu kwa mtu yule ni mtihani anaojua atashindwa. Mwanasaikolojia Cameron Camp alichukua mbinu za Maria Montessori za kufundishia watoto akazigeuza ziwafae wenye ugonjwa huu: onyesha kabla ya kusema, gawa kazi katika hatua ndogondogo, weka vitu mezani viongoze mkono vyenyewe. Anne Basting wa Milwaukee, aliyeanza kazi yake miaka ya 1990, alifanya jambo jingine. Aliwaonyesha picha ya ajabu, akawaacha watunge kisa, akaandika kila neno bila kusahihisha. Anayetunga hawezi kukosea.

Mkurugenzi wetu alitumia hizo mbili kwa pamoja na hakuzitaja majina. Aliweka mezani picha ya tembo ndani ya mtumbwi. Akauliza anaitwa nani. Kimya kirefu. Kimya hicho ndicho kinachowashinda wengi. Mimi nisingeweza kukaa nacho, ningejibu mwenyewe. Yeye alikaa, uso wake ukiwa umetulia kama wa mtu anayesubiri habari njema. Kisha bibi mmoja, ambaye siku hiyo hakuwa amesema neno, akataja jina, jina la mwanamume, na mwingine akasema amechelewa, na wa tatu akauliza mkewe yuko wapi. Aliyaandika yote kwenye karatasi kubwa na kuwasomea tena kila baada ya sentensi mbili. Wale waliokuwa mlangoni na mikoba wakaja kuona.

Bingo inadharauliwa sana na wageni, na hata na baadhi ya wataalamu. Mimi nimeitazama mno hata siwezi kuidharau. Kadi zilikuwa za herufi kubwa, na vifuniko vya plastiki vya kuburuta kwa kidole kwa wasioweza kushika kete. Namba zilitajwa mara mbili na kuonyeshwa juu, kwa mwendo uliopimwa kwa mchezaji wa polepole lakini usiowachosha wepesi, na hiyo peke yake ni sanaa. Mbele ya kadi ya bingo, profesa na mfagiaji wako sawa, na aliyepoteza usemi kwa kiharusi anaweza kushinda kwa kuinua mkono. Zawadi ilikuwa sarafu ya senti 25. Nilimwona mzee aliyekuwa na maghorofa akiiweka sarafu yake mfukoni na kuipapasa jioni nzima; alikuwa hajagusa pesa zake mwenyewe tangu wanawe wachukue hesabu.

Muziki nao una hesabu yake. Nyimbo zinazomkaa mtu ni zile za ujana wake, kati ya miaka kama kumi na mitano na ishirini na mitano. Aliyezaliwa 1927 alikuwa na miaka kumi na minane Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, na huyo humpigii Elvis. Aliyezaliwa 1940 humpigii nyimbo za vita. Mkurugenzi alikuwa na daftari la miaka ya kuzaliwa, na kila mwaka alisogeza nyimbo zake mbele kidogo, kwa kuwa wakazi hufa na wapya huja wakiwa wamezaliwa baadaye zaidi. Kuna nyumba ambazo bado zinawapigia watu muziki wa wazazi wao na kushangaa kwa nini hakuna anayeimba.

Wale wasiotoka kitandani aliwafuata. Robo saa, mara kadhaa kwa wiki: losheni mkononi, kipande cha zulia la sufu ashike, gazeti, au sala ya dhehebu lake kama ndiyo aliyoitaka. Aliingia na kujitambulisha hata kwa asiyefumbua macho. Na mtu akifariki, alifanya ibada fupi ukumbini ili wenzake wasilazimike kujua habari kwa kuona kitanda kimetandikwa upya. Mishumaa ilikuwa ya betri, kwa sababu ya oksijeni, kama ile ya keki za siku za kuzaliwa.

Tarehe 13 Machi 2020, kwa sababu ya janga la korona, serikali ya Marekani iliagiza nyumba za uuguzi zifunge milango kwa wageni, zisitishe kula pamoja na shughuli zote za vikundi. Kila alichokijenga kilikatazwa kwa karatasi moja, na kwa sababu nzuri. Siku chache baadaye viti vilikuwa vimewekwa milangoni, mkazi mmoja kila mlango, na yeye akipita katikati ya korido akitaja namba za bingo kupitia barakoa. Alirekebisha tena kila kitu: kadi za kutupwa, sauti ya kipaza sauti kidogo, namba kwenye ubao anaousukuma. Yeye na msaidizi wake ndio walioshika tableti mbele ya nyuso za wazee ili wana wao wawaone, na mara nyingine waliishika hadi mwisho kabisa. Hakuna kozi ya jimbo iliyomfundisha jinsi ya kushika tableti ile bila mkono kutetemeka. Aliishika kwa mikono miwili, viwiko vimeegemezwa kwenye ukingo wa kitanda, na akageuza uso wake upande ili familia iwe peke yake.

Ukumbi ulipofunguliwa tena alianza na watu wachache, walioachiana nafasi, na alimwalika kila mmoja upya, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamezoea chumba.

Mwezi mgumu zaidi kwake kuupanga ulikuwa Aprili. Lowell ina mojawapo ya jumuiya kubwa za Wakambodia nchini Marekani, na mwaka mpya wao huangukia katikati ya mwezi huo na kuchukua siku tatu. Ina Wagiriki wa zamani, na Pasaka yao ya Kiorthodoksi mara nyingi iko hapohapo. Kisha Jumatatu ya tatu ni sikukuu ya jimbo na siku ya mbio za marathoni za Boston, ambazo wazee wa Massachusetts wamezitazama maisha yao yote. Jikoni wakaombwa wali wa mvuke kwa siku tatu na mayai mekundu kwa siku moja. Mtawa wa Kibudha akaandikiwa barua, kasisi akapigiwa simu, na vyumba vya kuvalia vikagawanywa kwa saa. Mbio huanza asubuhi na kupita wakati wa chakula, kwa hiyo alijadiliana na mpishi mkuu trei za mchana ziletwe mbele ya televisheni, na zile za chakula laini zije kwanza, maana hao hula polepole. Yote yalipokwisha kupangwa alikuja kwetu na kalamu yake. Alitaka kujua ni Wakenya gani walikuwa zamu Jumatatu ile, kwa sababu tangu Ibrahim Hussein ashinde mwaka 1988 wazee wale walikuwa wakiwaona watu wetu wakitangulia, na alihitaji mtu wa kuketi nao safu ya mbele awaeleze wakimbiaji hao wanatoka vijiji gani, na wanakula nini.